Ile siku nilipika data ya springi

Wacha nikiri. Kwa moku ya fizikia, peipa tatu, nilidanganya, na hata sikuchungulia karatasi ya mtu.

Springi ilikuwa moja. Kwanza unaning'iniza uzani wa gramu 100, unapima imerefuka kiasi gani. Yangu, sentimita 4. Nyutoni 1 gawanya kwa mita 0.04, ugumu ni 25. Simpo. Halafu uzani uleule unauvuta kidogo, unaachilia, unahesabu ikipanda na kushuka mara 20. Stopwochi ikasema sekunde 8.3. Nikapiga hesabu, ikatoka karibu 23.

Nikarudia. 8.3 tena! Dakika zinaisha, jasho linanitoka, nikakata nikaandika 7.9 ndio ikaribie 25. Nilipata alama zote. Jamaa wa dawati langu aliacha yake ilivyo, akakatwa.

Juzi ndio nimejua stopwochi haikuwa na makosa. Springi yenyewe ina uzito, na ikicheza inajibeba pia, so unafaa kuongeza theluthi ya uzito wake kwa zile gramu 100. Ukiirefusha tu haikusumbui, maana ulianza kupima ikiwa tayari inaning'inia. Piga hesabu mwenyewe: springi ya gramu 27 hivi inaleta 8.3 bila shida.

Yaani nilikuwa nimepima uzito wa springi bila mizani, na nikaukata kwa biro.

Huyo jamaa nimemtumia hii kabla ya kuposti. Ameisoma, hajajibu. Na wewe, ulipika gani? Ya pendulamu?