Sari 63 na Kabati Moja



Kila Kwaresima tunapotangaza ukusanyaji wa nguo kwa ajili ya wahitaji, magunia yanayoletwa parokiani hutuonyesha jambo lile lile. Watu hutoa kwa wepesi nguo wasizozipenda; zile wanazozipenda hawazitoi, na mara nyingi hawazivai pia. Hukaa sandukuni. Bibi zetu walifanya hivyo kwa doti za khanga, na wengi wetu tumezikuta baada ya mazishi, zingali na karatasi ya dukani. Juma hili, hata hivyo, tungependa kutafakari juu ya vazi lingine, yaani sari, kwa sababu swali tulilopokea limetoka kwa mwenzetu mwenye asili ya India.

Mama huyo, muumini wa parokia yetu na mzaliwa wa Kerala, amefundisha hisabati katika shule za sekondari za nchi hii kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki, ilimbidi aiache nyumba kubwa na kuhamia kwa binti yake, katika nyumba ya vyumba viwili. Binti alimwambia kwa upole, lakini bila kuzungusha maneno: "Mama, kabati ni moja." Sari zilikuwa 63. Mama akaja kutuuliza, wala si kwa mzaha, kama kuzipenda nguo kiasi hicho ni jambo la kuungama.

Tulimwomba kwanza atuonyeshe sari zenyewe, maana si vema kutoa hukumu juu ya sanduku ambalo halijafunguliwa.

Sari ni kitambaa kisichoshonwa, chenye urefu wa mita tano hadi sita hivi. Kwa kuwa hakikatwi kwa kipimo cha mwili wa mtu, sari ya mama humtosha binti, na baadaye mjukuu, awe mnene au mwembamba. Blauzi tu ndiyo hushonwa upya. Gauni haliwezi kufanya hivyo. Aidha, kwa ndugu zetu wa Kanisa la Siro-Malabar, ambalo ni Kanisa Katoliki la Mashariki lililo katika umoja na Baba Mtakatifu, ipo sari inayoitwa manthrakodi. Padre huibariki katika ibada ya ndoa, na bwana arusi humfunika nayo bibi arusi kichwani. Kwa desturi, nyuzi saba huchomolewa katika sari hiyo hiyo na kusokotwa pamoja, ziwe kamba ya kuvalia minnu, kile kidani kidogo cha dhahabu cha ndoa. Nani atathubutu kumwambia mjane aitoe hiyo ili kupunguza msongamano kabatini?

Binti alikuwa amesoma mafundisho ya Marie Kondo, mwandishi wa Japani ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kimezunguka dunia nzima. Fundisho lake ni kwamba ukishike kila kitu mikononi, ubaki na kile kinachokuletea furaha, na vingine uviage kwa shukrani. Ile shukrani tunaipenda sana. Lakini kipimo cha furaha hakitoshi. Mama alitoa sari nyeupe ya pamba aliyoivaa siku ya kumzika mumewe. Haimletei furaha hata chembe. Ataitunza, na anafanya vema.

Wengine humtaja Mtakatifu Teresa wa Kolkata. Alipotoka katika shirika la Loreto mwaka 1948 alivaa sari nyeupe ya pamba yenye kingo za buluu, vazi lile lile ambalo watawa wake walivaa walipofungua nyumba Tabora mwaka 1968. Kila mtawa wake ana sari tatu tu, nazo hufumwa na watu walioguswa na ukoma huko Titagarh, karibu na Kolkata. Mfano huu ni mzuri, ila huyo ni mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara. Hakuwa na mume wa kumletea sari kila sikukuu ya Noeli kwa miaka thelathini. Tusimpime mjane kwa nadhiri ambayo hakuiweka.

Jambo lililotugusa zaidi ni lile Mama alilotueleza kuhusu hariri. Sari nzito ya Kanchipuram, yenye zari, yaani nyuzi zilizozungushiwa fedha na kupakwa dhahabu, haitaki kuachwa. Kila baada ya miezi michache hukunjuliwa, hupigwa hewa kivulini, kisha hukunjwa upya mahali pengine, la sivyo hupasuka kwenye mikunjo ile ile na zari huwa nyeusi. Iliyosahauliwa kwa miaka huishia kwa wafanyabiashara wanaoichoma ili wapate fedha iliyomo. Nyingine kati ya zile 63 zilikuwa zimekwisha kupasuka. Nondo hakuhusika, zilipasuka kwa kutunzwa mno.

Tulimkumbusha habari ya Tabitha, katika sura ya tisa ya Matendo ya Mitume. Alipofariki huko Yopa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo chaweza kuwa na maana ya kuonyesha kitu ulicho nacho mwilini mwako. Basi huenda nguo hizo hazikutolewa sandukuni. Wajane walikuwa wamezivaa. Na Petro hakuwaambia waache kushikilia vitambaa.

Tukamshauri akae na binti yake, wafungue sari moja moja, naye aeleze kila moja ilitoka kwa nani na ilivaliwa lini. Zenye habari zitafutiwe mtu wa kuzivaa. Zisizo na habari zitolewe. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi nne. Zaidi ya thelathini hazikuwa na habari yoyote. Zilinunuliwa likizoni kwa sababu bei ilikuwa nafuu! Hizo zilitoka bila chozi. Za pamba zilizochakaa zitatundikwa kuwa bembea ya kulalia mjukuu anayetarajiwa, kama wafanyavyo kusini mwa India, na kama sisi tunavyogeuza khanga kuukuu kuwa mbeleko. Mama alitaka pia kutupatia hariri moja ya kupambia altare. Tulimshukuru, tukamwomba binti aivae kwanza walau Pasaka mbili.

Manthrakodi imebaki, pamoja na ile nyeupe ya mazishi. Imebaki pia moja ya Kanchipuram, ya rangi ya samawati, zawadi ya mwisho ya marehemu, ambayo haijavaliwa hata mara moja. Binti anaitaka; Mama anasema bado. Tulipowatembelea juma lililopita ilikuwa imetandazwa kivulini barazani, na binti alikuwa akiishika upindo wake huku mama yake akimweleza jinsi ya kuikunja.