Kitanda kitupu kando ya malkia

Ukienda Versailles na watoto, wahi asubuhi, na isiwe Jumatatu, maana siku hiyo kasri hufungwa. Treni ya RER C kutoka Paris inakushusha karibu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio. Tiketi ya mzazi peke yake inatosha kuuma.

Picha za wakubwa zimejaa ukutani: mawigi, mahameli, vifua mbele. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameshazichoka tulipofika vyumba vya malkia. Hapo akasimama mbele ya picha ya rangi ya mafuta yenye kimo cha karibu mita 2.75. Malkia Marie-Antoinette amekaa na gauni jekundu, mtoto wa kiume mapajani, binti amemwegemea. Mvulana mwingine ananyoosha kidole kwenye kitanda cha mtoto mchanga.

"Mama, mbona hakuna mtoto?"

Élisabeth Vigée Le Brun aliichora mwaka 1787, na ilikuwa kazi ya siasa. Wananchi walikuwa wamechoshwa na anasa za malkia, hivyo ikatakiwa aonekane mama mlezi. Hata mkufu hana shingoni, kwani kashfa ya mkufu wa almasi ilikuwa imemchafua, ingawa si yeye aliyeuagiza. Lakini Juni mwaka huohuo binti yake Sophie alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kitanda kikabaki pichani, kitupu.

Juni 1789 yule mvulana anayenyoosha kidole naye akafariki, akiwa na miaka saba. Mchoraji alisimulia baadaye kwamba malkia aliagiza picha iondolewe, kwa sababu hakuweza kuipita bila kulia. Mwaka 1793 mama mwenyewe akakatwa kichwa, na mwaka 1795 yule wa mapajani akafia kifungoni. Ni binti tu aliyefikia utu uzima.

Katika nyumba nyingi ninazozijua, mtoto mchanga akifariki nguo zake hugawiwa na jina lake huachwa kutajwa mbele ya ndugu zake. Tunadhani tunawakinga. Nilitaka kusema mtoto amelala. Nikasema amefariki.

"Kwa hiyo kaka yake anatuonyesha alipokuwa analala?"

"Ndiyo."

Akaniomba nimnyanyue, aone vizuri ndani ya kitanda.