Nyota Imetoka, X Imeingia

Boti ilitushusha Dar asubuhi, nikavuka jiji kwa daladala mpaka Bunju, nikabadili gari. Kuanzia hapo nyumba zikaanza kuachiana nafasi: Mapinga, Kerege, kisha minazi na mikorosho. Konda akapiga bati: "Zinga hapo, wa Zinga!" Nikashuka, mara yangu ya kwanza kuikanyaga Mrima ya kaskazini.

Kwetu Unguja skuta yoyote ni vespa, hata ikiwa imetoka Japani. Waitaliano wa Piaggio walipolitoa jina hilo mwaka 1946, walimfikiria nyigu. Sisi tukalitandaza kwa skuta zote, wala hatuulizani kiwanda.

Zinga hawana ulegevu huo. Kwenye kijiwe cha bodaboda nilipokewa kwa makelele: "Shekhe, panda Boksa!" "Achana nayo hiyo, TVS hii hapa!" Ni Simba na Yanga tupu, ila hapa kila shabiki ameikalia timu yake.

Mzozo wa siku hiyo uliletwa na pikipiki mpya, nailoni ya kiti haijachanwa. Ubavuni imeandikwa HLX 150X. Wakongwe wa kijiwe walizoea ile ya zamani, Star HLX. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Nyota wameing'oa, wametuwekea X. Mwalimu alikuwa akinichorea hiyo nikikosa hesabu." Dereva wa pikipiki hiyo akashikilia kuwa X ndiyo ya juu. Wa Boksa akadakia: "Hata sisi X tunayo, shekhe, usibabaishwe!"

Nilicheka, huku nikistaajabu kwamba TVS yenyewe hakuna anayeihoji. Herufi hizo ni za mtu, T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanzisha biashara ya mabasi kusini mwa India mwaka 1911. Bajaj nao, waundaji wa Boksa, wanabeba jina la ukoo. Lakini ukiita bajaji hapa, itakujia ya magurudumu matatu.

Nikapanda hiyo yenye X kuelekea Mlingotini. Mimi nimezoea lami na kukaa kwa raha. Huku tairi lilizama mchangani, dereva akashusha miguu kama anapiga kasia, nami nikamkumbatia bila haya. Ufukweni kina mama walikuwa wakigeuza mwani juani. Mmoja akaja kuikagua pikipiki: akabonyeza kiti, akatikisa keria, ubavuni hakutazama kabisa. "Mimi napakia viroba, mwanangu," akamwambia dereva, "sipakii herufi."

Wakati wa kurudi nilimwuliza yule dereva: kiwanda kingekuwa chake, pikipiki hii angeiitaje? Hakusita. Bado si mali yake. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu, mpaka deni liishe ndipo akabidhiwe kadi.

"Ningeiita Mkataba," akasema, kisha akavuta mafuta kuwawahi abiria wa daladala iliyokuwa ikisimama barabarani.