Nyumba Mbili, Anwani Moja

Siku hizi mwananchi akitaka mkopo wa elimu ya juu, namba ya mlipakodi au leseni ya biashara, huelekezwa kwenye tovuti. Hatua hiyo ina faida nyingi, nami siibezi. Lakini imekuja na dhana ambayo hatujaijadili vya kutosha: kwamba kila kaya ina intaneti yake. Katika miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, dhana hiyo haina msingi.

Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo ni mwalimu mstaafu anayelea wajukuu. Bega la mlima limemkinga na mnara wa simu. Kwangu, mita mia mbili hivi kutoka kwake, mawimbi yanafika. Mjukuu wake alipokuwa akiomba mkopo, alishuka mjini mara kwa mara kupakia nyaraka, na nauli ikameza fedha za bando. Nilipopendekeza tuunganishe nyumba zetu, mwalimu alinijibu, "Sawa, mwanangu, lakini bili tutaigawa. Sitaki kusaidiwa, nataka kushirikiana."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ruta ya kwanza, iliyounganishwa na mtoa huduma, ndiyo inayogawa anwani kwa vifaa vyote. Ya pili tuliizimia ugawaji huo, tukaipa anwani yake isiyogongana na ya kwanza, kisha tukaziweka zote kwenye chaneli moja na ufunguo mmoja wa usalama. Antena mbili za nje zilielekezwa zitazamane juu ya migomba, kwa kuwa majani mabichi hufifisha mawimbi hayo na mabati huyazuia. Ruta inayopokea na kurusha kwa redio ileile hupoteza takriban nusu ya kasi. Kwa fomu na vitabu, nusu inatosha.

Ugumu uko kwingine. Kwa anayetazama kutoka nje, nyumba hizi mbili zina anwani moja ya intaneti, nayo ni ya mwenye mkataba. Kijana wa upande wa pili akiandika jambo linaloangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mlango utakaobishwa kwanza ni wangu. Kwa hiyo kuunganisha ruta ni kudhaminiana. Wakulima wa Mgeta, wanaomwagilia mboga kwa mifereji katika milima hiihii, wanaelewa uhusiano wa namna hii: anayeyagusa maji juu anawajibika kwa aliye chini.

Tuliomba ruhusa ya mtoa huduma, tukaipata. Lakini ruhusa ya hisani si haki. Leo hutolewa, kesho huondolewa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imejengwa juu ya leseni za watoa huduma. Majirani wawili wanaogawana bili si kampuni, wala hawauzi chochote. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida hawezi kujua kwa urahisi ujirani unaishia wapi na biashara inaanzia wapi. Asiyejua mpaka ulipo huogopa hata kuusogelea.

Mifano haiko mbali. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma na tawi la Tanzania la Internet Society walishirikiana kujenga mtandao wa jamii uliojaribu kutumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Kenya nayo, mwaka 2021, iliweka utaratibu wa leseni mahususi kwa mitandao ya jamii. Hatuombi jambo geni.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma hapa, pendekezo langu ni dogo. Kanuni itamke wazi kwamba kaya chache zinazopakana zinaweza kugawana muunganisho mmoja bila faida, kwa makubaliano ya maandishi yanayowekwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, yakitaja nani anawajibika kwa matumizi ya nani. Karatasi moja ya namna hiyo ingemlinda mwenye mkataba, ingempa jirani heshima ya mshirika, na isingeigharimu Hazina hata shilingi moja ya mnara mpya.