Nyumba ya Maporomoko na Ufa Wetu

Siku tuliyofika Fallingwater, mimi na mume wangu tulikuwa hatusemeshani. Shemeji anayeishi Pittsburgh ndiye aliyetupeleka, akidhani matembezi yatatuchangamsha. Hakujua kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimegundua mkopo ambao mwenzangu aliuchukua ili kumalizia nyumba yetu ya Kibaha, bila kuniambia neno.

Ukiiona nyumba ile, jamani, lazima usimame! Frank Lloyd Wright aliisanifu mwaka 1935 kwa ajili ya mfanyabiashara Edgar Kaufmann. Mwenyewe alitegemea kukaa akiyatazama maporomoko ya maji. Wright akamjengea juu yake. Mabaraza ya zege yamechomoza hewani, chini maji yananguruma, na mbele hakuna hata nguzo moja.

Uzuri ule lakini una gharama. Nyumba ilianza kuvuja mapema, ikabidi kutega ndoo. Halafu kuna hadithi ya nondo. Wahandisi wa Kaufmann waliona nondo za Wright hazitoshi, wakaongeza nyingine kimyakimya. Wright alipojua, alikasirika kwelikweli. Hata hivyo baraza liliendelea kuinama mwaka hadi mwaka, mpaka likashuka karibu sentimita 18. Mwaka 2002 mafundi walibandua mawe ya sakafu, wakapitisha nyaya nene za chuma na kuzikaza. Hawakulirudisha lilipokuwa zamani. Walilizuia lisishuke zaidi, basi.

Tulikuwa tumesimama pale barazani mume wangu aliponisogelea.

"Mama Neema," alisema taratibu, "na mimi nilikuwa naongeza nondo kimyakimya."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. "Baba Neema, mimi si Wright. Ungeniambia tu."

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha pale. Mkopo ulibaki palepale, na imani yangu kwake ilikuwa imeshuka sentimita zake kadhaa. Lakini tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi tunakaa mezani na daftari, kila mtu anasema alichopata na anachodaiwa. Hizo ndizo nyaya zetu. Hatujarudi tulivyokuwa siku ya harusi, ila hatushuki tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, msomaji, ufa wa kwenu mmeshauzungumza, au mnatega ndoo tu?