Fundi wa gazi akija nyumbani

Hapa Goma wengine tumeacha makala, tunapika kwa gazi. Lakini kwetu tulikaa miaka 2 bila kuita fundi. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Jiko linawaka, kwa nini kutoa feza?

Juzi tulimwita. Kwanza alifungua madirisha, akasoma tarehe kwenye mpira wa gazi: ilikuwa imepita. Kisha akapakaa povu la sabuni kwenye viungo. Pale mpira unapoingia kwenye detanderi, kile kichwa cha chupa, povu likavimba. Gazi ilikuwa inatoka pole pole. Nayo ni nzito kuliko hewa, inalala chini, pale pale mtoto wetu wa mwisho anapochezea.

Alifunga chupa, akaweka mpira mpya, akasafisha matundu ya jiko mpaka moto wa manjano ukarudi kuwa wa buluu. Halafu akapakaa sabuni tena mbele yetu. Fundi asiyefanya hivyo, kazi yake haijaisha.

Sabuni kila mama anayo. Tuipakae kila tukibadilisha chupa, tusijaribu kamwe kwa kiberiti. Povu likivimba, tufunge chupa, tufungue mlango, tusiguse taa, tutoe watoto inje.