Mfuko wa Sarafu za Warumi na Swali la Mwanangu



Ndugu zangu, kina baba na kina mama, leo nimependa niwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Leicester, Uingereza. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nimekuja huku na familia yangu, ninaendesha basi, na kwa muda mrefu mambo ya kale hayakunihusu kabisa. Lakini Mwenyezi Mungu humfundisha mja wake kwa njia asiyoitarajia.

Jirani yetu ni mzee wa Kiingereza anayeishi peke yake. Mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, alizoea kumbebea mizigo akitoka dukani. Siku moja yule mzee alimwita akampa mfuko mdogo wa kitambaa. "Vilikuwa vya marehemu ndugu yangu," alimwambia. "Alikuwa akizunguka mashambani na mashine ya kutafutia vyuma. Mimi sina kazi navyo. Chukua, ucheze navyo."

Ndani mlikuwa na sarafu thelathini na moja, nyeusi na za kijani, zimegandana na udongo. Kila moja ilikuwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi jina la shamba na tarehe. Mimi nilidhani ni takataka. Mwanangu akasema, "Baba, hizi ni za Warumi." Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba Warumi waliitawala Uingereza tangu mwaka 43 hadi karibu mwaka 410, na kwamba mji wetu huu wa Leicester ulikuwa mji wao. Mpaka leo ukuta wao mmoja umesimama katikati ya mji.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, na nalieleza ili msilirudie. Mama yangu alikuwa akisugua sufuria za shaba kwa ndimu na chumvi mpaka zing'ae. Basi nikachukua sarafu moja nikailoweka kwenye ndimu na chumvi usiku kucha. Asubuhi niliikuta inang'aa kama shaba mpya, lakini haina uso wala herufi. Ile kutu ya kijani ndiyo iliyokuwa imeshika maandishi, na ndimu ilikuwa imeila. Miaka elfu moja na mia saba ardhini haikuiharibu, nikaiharibu mimi kwa usiku mmoja. Mwanangu hakusema neno. Aliikunja kwenye karatasi akaiweka pembeni, na ule ukimya ulinichoma kuliko kama angelia.

Nikamwomba msamaha. Ndugu zangu, tusione haya kuwaomba watoto wetu msamaha. Tulikwenda maktaba tukaazima vitabu, kisha tukaenda kwa afisa wa makumbusho anayesajili vitu vya kale. Yeye ndiye aliyetufundisha njia sahihi: loweka sarafu katika maji yasiyo na chumvichumvi, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi, badilisha maji kila baada ya siku chache, kisha ondoa udongo polepole kwa kijiti cha meno, ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Udongo uondoke, kutu ibaki. Kazi ya sarafu moja inaweza kuchukua wiki nzima. Kwa mtu wa haraka kama mimi, hiyo ilikuwa darasa ya subira.

Halafu likaja somo la kuzitambua. Upande wa kichwa huwa na uso wa mfalme na jina lake limezunguka ukingoni. Warumi waliandika V mahali pa U, na walifupisha maneno ili yaenee. IMP ni imperator, yaani jemadari mkuu. DN ni dominus noster, maana yake bwana wetu. AVG ni Augustus, cheo cha mfalme. Ukiona kichwani taji lenye miale kama ya jua, hiyo mara nyingi ni sarafu ya karne ya tatu. Ukiona kilemba cha lulu, uko karne ya nne. Upande wa pili huwa na picha, na chini kabisa herufi ndogo zinazoonyesha sarafu ilipigwa mji gani: TR ni Trier, iliyo Ujerumani ya leo, LG ni Lyon, Ufaransa, ANT ni Antiokia, AL ni Aleksandria, Misri. Mwanangu alibandika ramani ukutani, na kila tulipoutambua mji aliweka alama. Jioni zetu zikabadilika. Televisheni ikawa inazimwa bila mtu kuamrishwa.

Tulijifunza pia kupima uzito, na hapo nikakuta historia ya dhuluma. Dinari ya Kirumi wakati wa Augusto ilikuwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 Nero akaipunguza. Waliomfuata nao wakapunguza, mpaka zama za Gallienus, miaka ya 260 hadi 268, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Bei zikapanda hata mfalme Diocletian, mwaka 301, akatoa amri ya kuweka kikomo cha bei, na amri hiyo haikufaulu. Sisi tulioona faranga zikipungua thamani mfukoni tunaelewa. Kupunja mizani ni kupunja mizani, awe anayepunja ni muuza mchele au mfalme.

Na maneno yenyewe ni yetu. Dinari, iliyotajwa ndani ya Qur'ani Tukufu, asili yake ni denarius ya Warumi. Fulusi, neno ambalo wazee wetu hulitumia kwa maana ya pesa, limetoka kwenye Kiarabu, na Waarabu walilipata kutoka follis, sarafu ya shaba ya Warumi. Waislamu wa mwanzo walifanya biashara kwa dinari za dhahabu za Warumi na dirhamu za fedha za Waajemi, hivyo hivyo zikiwa na picha za wafalme, mpaka Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari isiyo na picha, yenye maandishi matupu, mwaka 77 Hijria, sawa na 696 au 697. Nilikuwa nimelitamka neno fulusi tangu utoto bila kujua limesafiri kiasi gani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miongoni mwa zile sarafu mlikuwa na moja yenye picha ya mbwamwitu jike akinyonyesha watoto wawili. Hii ni hadithi ya Warumi juu ya waanzilishi wa mji wao. Sarafu za mbwamwitu za zama za Konstantino, zilizopigwa miaka ya 330, ni nyingi sana na bei yake ni ndogo. Tukaiandika hivyo tukaendelea. Lakini mwanangu hakuridhika. "Baba, za Konstantino upande wa pili zina sura ya mtu aliyevaa kofia ya chuma, na maandishi ni VRBS ROMA. Hii ina mwanamume mwenye ndevu na shingo nene." Tukaitazama tena. Herufi zilisomeka CARAVSIVS. Upande wa mbwamwitu ilikuwa imeandikwa RENOVAT, na chini RSR. Halafu ule weusi wake haukuwa wa shaba. Ulikuwa weusi wa fedha.

Carausius alikuwa kamanda wa meli za kivita aliyeasi mwaka 286, akajitangaza mfalme wa Uingereza na sehemu ya kaskazini ya Ufaransa, mpaka akauawa mwaka 293. Wakati wafalme halali walikuwa wakitoa shaba iliyopakwa fedha, yeye mwasi alitoa fedha nzuri ili askari na watu wamwamini. Zile herufi RSR zilikuwa fumbo kwa wataalamu, mpaka mwanahistoria Guy de la Bédoyère alipoonyesha, mwaka 1998, kwamba ni kifupisho cha maneno ya mshairi wa Kirumi, Virgil. Sarafu hizo ni adimu. Nilipotazama bei za wauzaji, sarafu kama ile ilikuwa ya mamia ya pauni.

Ndugu zangu, sitawaficha. Wiki ile ile dada yangu alikuwa amepiga simu kutoka Bujumbura kwamba mama yetu anahitaji kupasuliwa jicho, na mchango wangu ulikuwa haujatimia. Nilipoiona ile bei nilisema Alhamdulillah, riziki imekuja kwa mlango nisioudhania. Nilikuwa nimekwishaanza kuhesabu.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, yule mzee alitupa akidhani ni takataka. Hakujua alichotupa. Hiyo ni zawadi bado?"

Nikamjibu haraka kwamba zawadi ni zawadi. Lakini usiku sikulala vizuri. Baada ya Swala ya Alfajiri nikamuuliza sheikh wetu. Hakuniambia kwamba ni haramu. Alisema kwa hukumu ya nje mtoto amepewa na amepokea. Kisha akanikumbusha ile hadithi mashuhuri ya kuacha chenye shaka, akaniuliza swali moja tu: "Je, ungefurahi yule mzee akijua kwamba ulijua?" Nikakosa jibu, na kukosa jibu ndiko kulikuwa jibu.

Jumamosi tukaenda, mimi na mwanangu, na ile sarafu ndani ya bahasha yake. Tukamweleza kila kitu, na bei tukamtajia. Yule mzee aliishika muda mrefu chini ya taa. Akasoma maandishi ya ndugu yake kwenye bahasha. Macho yakamlenga machozi. Akasema asante, akaitia mfukoni.

Basi. Hakutupa chochote siku ile, na sisi hatukuomba. Tulipokuwa tunarudi mwanangu aliniuliza, "Baba, umekasirika?" Nikamwambia kweli: moyo umeniuma kidogo, lakini leo nitalala. Na kweli nililala. Kuhusu mama, sisi ndugu tulichangishana, shangazi akaongeza, na jicho likapasuliwa salama. Alhamdulillah. Riziki ilikuja kwa mlango ule ule wa siku zote, mlango wa kusaidiana.

Baadaye yule mzee mwenyewe aliipeleka kwa afisa wa makumbusho ikasajiliwa pamoja na jina la shamba ilikookotwa. Huku Uingereza upo mpango wa kitaifa wa usajili ulioanza mwaka 1997, na sasa umeandika vitu zaidi ya milioni moja na nusu. Afisa alitueleza kwamba sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kama mtu asiye na nasaba. Inaweza kuwa nzuri, lakini haisemi inatoka kwa nani. Zile bahasha tulizotaka kuzitupa zilikuwa na thamani kuliko tulivyodhani.

Akatusimulia pia habari ya Eric Lawes. Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Akakutana na dhahabu na fedha za Warumi. Alipoona ni nyingi aliacha kuchimba, akatoa taarifa, na wataalamu wakachimba kwa utaratibu. Zilipatikana sarafu karibu elfu kumi na tano. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mwenye shamba. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Leo sheria ya mwaka 1996 inataka mtu akipata hazina ya namna hiyo aitolee taarifa ndani ya siku 14. Sisi Waislamu tusione hili geni. Vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango wa kitu kilichookotwa, na mlango wa rikazi, mali iliyozikwa na watu wa kale, ambayo khumsi yake, yaani moja ya tano, hutolewa. Ufafanuzi wake waulizeni masheikh.

Nasaha moja kwa wazazi ambao watoto wao watapenda jambo hili. Msinunue sarafu bila kujua zimetoka wapi. Tangu vita vya Syria vilipoanza mwaka 2011, miji ya kale kama Apamea imetobolewa mashimo na wezi wa mambo ya kale. Mwezi Februari 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale vilivyotoka humo isivyo halali. Sarafu ya bei rahisi inaweza kuwa imeibwa kwa ndugu zetu waliofukuzwa makwao. Nunueni kwa muuzaji anayetoa risiti na kueleza asili ya bidhaa yake, au msinunue.

Mwanangu alidunduliza pesa zake, akanunua kwa njia hiyo sarafu moja tu. Ni ya mfalme Decius, aliyetawala kati ya 249 na 251. Aliichagua kwa sababu wengi wa wafasiri humtaja mfalme Daqyanus katika kisa cha Watu wa Pangoni, na wanahistoria humlinganisha na Decius huyu. Mnajua kisa: vijana waliamka, wakamtuma mmoja wao mjini na pesa ya fedha akatafute chakula kilicho safi. Wafasiri wanasimulia kwamba wauzaji walipoiona ile sarafu ya mfalme aliyekwisha kupita walishangaa, na siri ikafichuka.

Siku ya Ijumaa tunaposoma Suratul Kahf nyumbani, tukifika hapo mwanangu huitoa ile sarafu, ikapita mkono hadi mkono, kwa mama yake, kwa dada zake, mpaka kwa mdogo wa miaka minne. Ni nyepesi, nyembamba, ina taji la miale. Mfalme hayupo, dola yake haipo. Kisa cha vijana wale kipo.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na watoto wanaotuuliza maswali ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.